Gaston-François de Witte na mijusi wa Upemba

Gaston-François de Witte alizaliwa Antwerpen, Ubelgiji, mwaka wa 1897. Maisha yake yote yalikuwa nyoka, vyura na mijusi. Kutoka 1946 mpaka 1949 aliongoza misioni ya kuchunguza Parke ya Upemba, kaskazini-mashariki mwa Kolwezi. Mjusi mmoja hakumtosha: yeye na wasaidizi wake walikusanya wengi, wakaandika pahali na tarehe. Kitabu chake juu ya reptilia wa Upemba kilitoka 1953.

Sasa, kazi ile ina faida gani? Mwaka wa 1958, Ilya Darevsky alitangaza kwamba kule Armenia kuna mijusi majike matupu, wanazaa bila dume. Baadaye jeni zilionyesha asili yao: aina mbili za mijusi zilipandana, wakazaliwa majike machotara. Jambo kama hilo mjusi mmoja hawezi kulionyesha; lazima wengi, wa pahali pamoja.

De Witte alikufa 1980. Mijusi aliowakusanya wako Ubelgiji, si Kolwezi. Lakini anayetaka kujua ni wanyama gani waliishi Upemba zamani, ataanzia kwenye chupa zile.