Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh wa Bethel

Mwezi huu twataka kuwaeleza wasomaji wetu habari za mtu ambaye jina lake lilinenwa sana katika sharika za Usambara, ingawa yeye mwenyewe hakukanyaga kamwe nchi ya Afrika. Friedrich von Bodelschwingh alizaliwa tarehe 6 Machi 1831 katika Westfalia, nchi ya Ujerumani. Baba yake alikuwa waziri wa mfalme wa Prussia, hata mtoto huyu akacheza na mwana wa jamaa ya mfalme, aliyekuja kuwa Kaisari Friedrich wa Tatu.

Kwanza alishika kazi ya mashamba. Huko Pomerania alikuwa akiwagawia watoto wa vibarua vijitabu vya misheni. Siku moja akasoma kimoja mwenyewe, nacho kikamchoma moyo. Akaacha mashamba, akaenda Basel kujifunza elimu ya Mungu. Alitamani kupelekwa mbali, lakini mwaka 1858 alitumwa Paris, kwa Wajerumani maskini waliofagia njia za mji ule. Akawakusanya watoto wao, akawajengea shule na kanisa.

Mwaka 1864 alirudi kwao, akawa mchungaji wa Dellwig. Hapo ndipo alipopatwa na msiba ambao, kwa maoni yetu, watueleza kazi yake yote iliyofuata. Katika Januari 1869 watoto wake wanne, wote aliokuwa nao yeye na mkewe Ida, walikufa katika muda wa majuma mawili. Aliandika kitabu kidogo juu ya maisha na kufa kwao, kikasomwa na wafiwa wengi. Mwenyewe alishuhudia kwamba siku zile alijua jinsi Mungu awezavyo kuwa mgumu, na kwa sababu hiyo alijifunza kuwahurumia watu.

Mwaka 1872 aliitwa kuangalia nyumba ya wenye kifafa karibu na Bielefeld, iliyofunguliwa mwaka 1867. Akaiita Bethel. Kando yake ilikuwako Sarepta, nyumba ya mashemasi wa kike, na mwaka 1877 ikaongezwa Nazareth ya ndugu wanaume. Hakukubali mgonjwa akae bure kama mgeni: kila mmoja alipewa kazi kwa kadiri ya nguvu zake, bustanini au karakanani. Na fedha? Aliomba bila haya. Aliandika barua nyingi mno, akapokea senti za watoto, hata nguo kuukuu na makombo ya nyumba za watu, akikumbuka vile vipande vilivyosalia katika Injili ya Yohana. Kwa wazururaji wasio na kazi alianzisha Wilhelmsdorf mwaka 1882. Alipokuwa mzee wa miaka 72 akaingia katika baraza la Prussia ili awatetee, na sheria yao ikapita mwaka 1907.

Chama cha misheni cha Afrika ya Mashariki kilianzishwa Berlin mwaka 1886, wakati Wajerumani walipokuwa wakijitwalia nchi. Wala hatufichi kwamba mwanzoni kiliwafikiri Wajerumani wenzao kuliko wenyeji. Tangu 1890 Bodelschwingh alikisaidia, akakielekeza kwa watu wa nchi. Mwaka 1891 wamisionari Johanssen na Wohlrab walifika Mlalo. Mwaka 1896 yakafunguliwa makao ya Lutindi kwa watoto waliookolewa katika utumwa, na baadaye yakawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Mwaka 1906 chama chenyewe kikahamia Bethel.

Alifariki tarehe 2 Aprili 1910. Mwaka ule ule misheni yake ilianza kazi Bukoba.