Jenerali China: Askari Aliyerudi na Habari za Haiti

Mfanyabiashara anayeshusha ndizi zake alfajiri katika soko la Gakoromone, mjini Meru, yumo katika miteremko ya Mlima Kenya, mwendo mfupi kutoka msitu uliokuwa ngome ya wapiganaji wa Mau Mau. Aliyeliongoza jeshi la mlima huo mwanzoni mwa vita hakuwa Mmeru. Alikuwa Waruhiu Itote, mzaliwa wa Kaheti, Nyeri, mwaka 1922, ambaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Jenerali China. Makala haya yanamtazama kwa jicho moja tu: vita vilivyomfunza kazi hiyo.

Itote alijiunga na jeshi la KAR Januari 1942, baada ya kuhangaika Nairobi na biashara ya mboga. Mwezi mmoja tu ulikuwa umepita tangu Wajapani waishambulie Pearl Harbor na kuiingiza Marekani vitani. Yeye hakuwa na habari kwamba matukio hayo mawili yangekutana maishani mwake. Alivuka bahari hadi Ceylon, Sri Lanka ya leo, kisha akapelekwa Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana katika bonde la Kabaw wakati wa masika ya mwaka 1944. Malaria na matope viliwatesa askari kama walivyoteswa na risasi za Wajapani. Barabara zilikuwa hazipitiki, hivyo chakula na risasi viliangushwa kwa ndege. Desemba mwaka huo waliingia Kalewa, kando ya mto Chindwin.

Hapa ndipo nguvu ya Marekani ilipoonekana. Bandari ya Calcutta ilipokea shehena zake, ndege zake za uchukuzi ziliyahudumia majeshi ya Washirika, na kutoka Ledo, Assam, wahandisi wake walichonga barabara milimani kuelekea China. Wengi wa wajenzi hao walikuwa Wamarekani weusi. Tusisahau kwamba jeshi lao lenyewe liliwatenga kwa rangi, na ubaguzi huo uliamriwa kukomeshwa mwaka 1948 tu, vita vikiwa vimekwisha.

Askari mmoja wa kundi hilo alikutana na Itote mjini Calcutta. Kwa mujibu wa kumbukumbu za Itote, Mmarekani huyo alimtaka afikirie malipo ambayo Mwafrika angepata baada ya kumwaga damu kwa ajili ya himaya ya mwingine. Kisha akamsimulia habari za Haiti: jinsi watumwa walivyowaasi Wafaransa chini ya Toussaint Louverture, hata nchi ikajitwalia uhuru mwaka 1804. Wanahistoria huzihesabu meli na ndege za Marekani, na wana haki. Mimi naona kwamba kwa historia ya Mlima Kenya mazungumzo yale hayakuwa na uzito mdogo kuliko shehena hizo. Hata hivyo, tusiyatwike mzigo usio wake. Ardhi iliyonyakuliwa na kipande shingoni vilikuwapo Kenya kabla ya Itote kuiona Calcutta. Alichokipata kule ni mfano wa watu weusi walioshinda.

Aliporudi alifanya kazi ya kuchochea moto wa garimoshi katika shirika la reli, akaingia KAU, akala kiapo mwaka 1950. Agosti 1952 aliingia msituni. Vikosi, vyeo na nidhamu ya mlimani vilikuwa na harufu ya Burma.

Tarehe 15 Januari 1954 alijeruhiwa akakamatwa. Alihukumiwa kunyongwa, lakini akaponea kwa kukubali kuwa mpatanishi wa mazungumzo ya kuwasalimisha wenzake. Mazungumzo hayo yalivunjika Aprili. Wapo wanaomlaumu hadi leo, na mwanafunzi wa fasihi hapaswi kulificha doa hilo chini ya sifa. Toussaint naye alitiwa mbaroni, akafia kifungoni Ufaransa mwaka 1803, na vita vya Haiti vikaendelea mikononi mwa wengine. Mlima Kenya ulishuhudia jambo kama hilo: China alipokuwa kifungoni Lokitaung, akifundishwa Kiingereza na Jomo Kenyatta, Musa Mwariama na Baimungi walibaki msituni upande wa Meru. Walitoka na silaha zao baada ya uhuru wa Desemba 1963. Baimungi hakuridhika na mgao wa ardhi, akarudi msituni, akauawa na askari wa serikali ya Kenya huru mwaka 1965.

Itote alifunguliwa mwaka 1962, akawa afisa wa Huduma ya Vijana kwa Taifa. Kumbukumbu zake alizichapisha mwaka 1967, miaka zaidi ya ishirini baada ya vita vya Burma, na Mmarekani wa Calcutta akapewa nafasi yake humo. Mwandishi alifariki Aprili 1993.