Edward Steere: Kutoka kwenye Hoja hadi kwenye Neno

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Funzo la Juma Hili: Mwa. 1:1–2:3, Ayu. 38:1–11, Zab. 19, Mdo. 17:22–31, Rum. 1:18–21, Ebr. 11:1–6, Yak. 2:14–19, Ufu. 14:6, 7.

Fungu la Kukariri: Waebrania 11:3. Lisome katika Biblia yako kila siku ya juma hili, hadi uweze kulisema bila kutazama.

Anayepita katika mashamba ya mkonge ya Korogwe huona mistari iliyonyooka mpaka macho yanachoka. Hakuna anayeuliza kama mistari ile ilijipanga yenyewe. Lakini akivuka kwenda upande wa Handeni hukuta pori ambalo hakuna mtu aliyelipanda. Akigeuka nyuma anaiona milima ya Usambara, na usiku ukiingia anaziona nyota. Je, kuwepo kwa vitu hivi vyote kunaonyesha kwamba yuko Muumba?

Juma hili tutafuata maisha ya mtu aliyelishughulikia swali hilo kwa kalamu alipokuwa kijana, kisha akautumia umri wake uliobaki katika pwani yetu. Edward Steere hakuwa Mwadventista. Alikuwa askofu wa Kanisa la Anglikana, na hakuishika Sabato ya siku ya saba. Hata hivyo kazi yake imegusa meza zetu za kujifunzia, na njia aliyopita ina jambo la kutufundisha.

Jifunze somo la juma hili kwa ajili ya maandalizi ya Sabato ijayo.

JUMAPILI: Mwanasheria Aliyetafuta Ushahidi

Soma Warumi 1:18–21. Paulo anasema ni mambo gani ya Mungu yanayoonekana katika vitu alivyoviumba?

Steere alizaliwa London tarehe 4 Mei 1828. Alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha London hadi kupata shahada ya udaktari, na mwaka 1850 akakubaliwa kuwa wakili. Njia ya fedha na heshima ilikuwa wazi mbele yake, lakini moyo wake ulielekea katika huduma. Mwaka 1856 aliwekewa mikono kuwa shemasi, na mwaka huohuo akatoa kitabu kuhusu kuwepo kwa Mungu na sifa zake. Mwaka uliofuata alitoa toleo jipya la kitabu mashuhuri cha Askofu Joseph Butler kilichochapishwa mara ya kwanza mwaka 1736.

Butler alifundisha kwamba mwanadamu hungoji uhakika wa kihesabu ndipo atende. Mkulima hupanda bila kuiona mvua ya mwezi ujao. Hakimu hutoa hukumu ingawa hakuwapo tukio lilipotokea, kwa sababu ushahidi uliotolewa unatosha. Ni rahisi kuelewa jinsi fikra hizi zilivyoweza kumvuta mtu aliyefunzwa kupima maneno ya mashahidi.

Paulo naye anasema kwa kipimo. Anataja uweza wa milele wa Mungu na Uungu wake. Hasemi kwamba mtu akitazama mlima atajua habari za msalaba.

Tafakari: Ni mambo gani katika maisha yako umeyaamini na kuyatenda kwa ushahidi unaotosha, ingawa hukuyaona kwa macho?

JUMATATU: Hoja na Mipaka Yake

Soma Ayubu 38:1–11 na Waebrania 11:1–6. Mungu anamuuliza Ayubu nini, na kwa nini Ayubu hana jibu?

Hoja yenyewe ni ya kale kuliko Steere. Kila kitu kilichoanza kuwapo kina chanzo chake. Chungu kina mfinyanzi, nyumba ina mjenzi, mtoto ana wazazi. Ulimwengu nao hauwezi kuwa umejileta, kwa kuwa kitu ambacho hakijakuwapo hakiwezi kufanya lolote.

Wapinzani nao wana maneno yao, na si vizuri kuyapuuza. Wanasema: mkonge tumeuona ukipandwa, lakini dunia hakuna aliyeiona ikiumbwa, basi mifano hii miwili hailingani. Wengine huuliza ni nani aliyemuumba Mungu. Kwa swali hili la pili jibu halijifichi. Hoja haisemi kwamba kila kilichopo kina chanzo. Inasema kila kilichoanza kina chanzo, na Zaburi 90:2 inamtaja Mungu asiye na mwanzo.

Swali la kwanza ni zito zaidi. Ni kweli kwamba hatukuwapo, na ndilo jambo ambalo Bwana alimwambia Ayubu. Ndiyo maana Waebrania 11:3 inaweka imani palepale panapohusu uumbaji. Lakini imani hii haijazibwa macho. Hata anayesema kwamba mbegu ya msituni ilijiotea bado hajatuambia udongo ulitoka wapi, wala mbegu yenyewe, wala kwa nini pawepo na chochote badala ya kutokuwepo kitu kabisa. Hoja inaufikisha moyo mlangoni. Haiwezi kuulazimisha kuingia.

Tafakari: Kama hoja ingeweza kumlazimisha kila mtu aamini, nini kingetokea kwa uhuru ambao Mungu ametupatia?

JUMANNE: Kati ya Watu Wasiohitaji Kuthibitishiwa

Soma Matendo 17:22–31. Paulo alianzia wapi alipozungumza na watu wa Athene, na alimalizia wapi?

Mwaka 1863 Steere alifuatana na rafiki yake, Askofu William Tozer, kwenda katika Misheni ya Vyuo Vikuu iliyokusudiwa kwa Afrika ya Kati. Jaribio la kwanza, katika nchi ya mto Shire, halikufaulu. Mnamo Agosti 1864 wakahamia Unguja. Huko Sultani Majid aliwakabidhi wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa, nao wakawa wanafunzi wao wa kwanza.

Hapo Steere alikutana na jambo ambalo kitabu chake hakikuwa kimeandikwa kwa ajili yake. Alikuwa ameandika kwa Waingereza, na kati yao walikuwapo wenye mashaka. Lakini Waislamu wa Unguja walimkiri Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na nchi, mara kadhaa kila siku. Bara, Wazigua walimtaja Mulungu tangu zamani za mababu. Huku hakukuwa na haja ya kuwashawishi watu kwamba Mungu yuko.

Basi yule mwanasheria aligeuka kuwa mwanafunzi. Alikaa na watu wa Unguja akijifunza Kiswahili na kuandika hadithi walizomsimulia, na mwaka 1870 akatoa kitabu cha hadithi hizo pamoja na kitabu cha kufundishia lugha. Mapema zaidi, mwaka 1867, alikuwa amechapisha maelezo ya Kishambaa, lugha ya milima iliyo juu ya Korogwe.

Tafakari: Kama jirani yako tayari anaamini kwamba Muumba yuko, ni habari gani bado anaihitaji kutoka kwako?

JUMATANO: Kuamini Kusikotosha

Soma Yakobo 2:14–19 na Matendo 17:26. Imani ya kwamba Mungu ni mmoja inaweza kupungukiwa na nini?

Katika miaka ya 1830 njaa kali iliipiga nchi ya Wazigua. Wengi walichukuliwa hadi pwani na kuuzwa, na wengine walijikuta watumwa katika bonde la mto Juba huko Somalia. Wajukuu wao waliendelea kusema Kizigua, na katika siku zetu baadhi yao walirudi kama wakimbizi na kupewa makazi Chogo, wilayani Handeni. Watu wengine wengi wa bara waliishia katika soko la watumwa la Mkunazini, Unguja.

Tufikiri kwa uaminifu. Wafanyabiashara wa watumwa, wawe wa Ulaya waliovuka bahari ya magharibi au wa pwani hii, kwa kawaida hawakukana kuwepo kwa Muumba. Waliomba asubuhi, na mchana wakampima mwanadamu meno na misuli. Walikiri kwamba mbingu zina Mwenyewe, lakini hawakukubali kwamba mtu aliyefungwa mnyororo mbele yao naye ana Mwenyewe huyohuyo.

Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba uliofunga soko lile. Siku ya Krismasi mwaka huohuo liliwekwa jiwe la msingi la kanisa mahali palepale palipokuwa soko. Steere, aliyefanywa askofu mwaka 1874, aliusimamia ujenzi huo mwenyewe, na kanisa likafunguliwa Krismasi ya mwaka 1879. Mwaka 1876 alikuwa ameongoza kundi la watu waliokombolewa kwenda kuanza maisha mapya Masasi.

Kama yote yanatoka kwa Muumba mmoja, hakuna mtu awezaye kuwa mali ya mtu. Fundisho la uumbaji likiishia kwenye nyota bila kumfikia jirani, bado halijafundishwa.

Tafakari: Ni nani katika mtaa au kijiji chako anayetendewa kama asiye na Muumba? Kikundi chako kinaweza kumfanyia nini juma hili?

ALHAMISI: Neno katika Lugha ya Watu

Soma Zaburi 19. Mwimbaji anaanza na mbingu. Kuanzia fungu la 7 anageukia nini, na kwa nini?

Kabla ya Steere alikuwapo Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844. Juni mwaka huo alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Julai akamzika mkewe na mtoto wao mchanga. Sura za kwanza za Mwanzo zilichapishwa mwaka 1847, na mwaka 1848 Krapf alifika Vuga kwa mfalme Kimweri wa Usambara. Hivyo habari ya uumbaji ilitangulia kupigwa chapa katika lugha yetu.

Steere aliiendeleza kazi hiyo kwa Kiswahili cha Unguja. Alitafsiri, akawasomea wenyeji, akasahihisha, na vijana wa misheni wakachapa. Alipofariki ghafla Agosti 1882, akiwa na umri wa miaka 54, alikuwa amelitafsiri Agano Jipya na sehemu ya Agano la Kale. Alizikwa katika kanisa alilolijenga. Wengine waliimalizia kazi, na Biblia nzima ikatoka mwaka 1891.

Neno letu kuumba lina mzizi ambao katika lugha nyingi za Kibantu una maana ya kufinyanga udongo. Soma sasa Mwanzo 2:7. Anayeyatazama mapori na milima anaweza kukisia kwamba yuko Mwenye uweza. Ni Neno tu linalomwambia kwamba Mwenye uweza huyo aliinama, akaugusa udongo, akampulizia mtu pumzi yake.

Tafakari: Umejua nini kuhusu Mungu kutoka katika Maandiko ambacho mbingu peke yake zisingekuambia?

IJUMAA: Kwa Kujifunza Zaidi

Mwaka 1903 wamisionari wetu wa kwanza katika nchi hii, Johannes Ehlers na A. C. Enns, walianza kazi Giti, Upare Kusini. Waliwakuta watu wasiomkana Muumba, kama Steere alivyowakuta. Walicholeta ni ujumbe wa Ufunuo 14:6, 7, unaowaita watu kumsujudu aliyeumba, pamoja na siku ambayo yeye mwenyewe aliiweka iwe kumbukumbu (Kut. 20:8–11). Sabato haithibitishi kuwepo kwa Mungu kwa hoja. Inatuketisha pamoja naye juma baada ya juma, mpaka yule tuliyekuwa tukimzungumzia awe yule tunayezungumza naye.

Maswali ya Kujadili:

1. Kijana aliyetoka chuoni anawaambia kwamba ulimwengu hauhitaji Muumba. Kikundi kianzie wapi: kwenye hoja, kwenye Maandiko, au kwenye kumsikiliza? Toeni sababu.

2. Kwa nini Paulo anasema katika Warumi 1 kwamba watu walimjua Mungu lakini hawakumtukuza? Hilo linaonekanaje kati yetu tunaoshika Sabato?

3. Steere aliacha kuwa mwalimu wa hoja ili ajifunze lugha ya watu. Ni nini kanisa lenu linapaswa kujifunza kwanza kabla ya kuhubiri katika kijiji cha jirani?