Kinjekitile Ngwale: Mtu wa Maji, na Swali Lililobaki Kwetu



Kinjekitile Ngwale wengi tunamjua kutoka somo la Historia. Tulikariri kwamba aliwapa watu dawa ya maji, risasi zikapita, basi. Wengine tulicheka. Lakini ukiyasoma maisha yake taratibu unaona si mtu wa kuchekwa. Swali alilolijibu kwa maji yale bado linatusumbua hata sisi tuliobatizwa: mtu akizidiwa na hofu, akimbilie wapi?

Kinjekitile aliishi Ngarambe, karibu na mto Rufiji, wakati Wajerumani wanatawala. Kuanzia mwaka 1902 serikali yao iliwalazimisha watu walime pamba kwenye mashamba ya pamoja. Mpango huo ulifika hadi Uzaramo, yaani maeneo haya yetu ya kuzunguka Dar es Salaam. Ukichelewa shambani, unachapwa viboko. Shamba lako la chakula linaota majani, na malipo ya pamba ni kiduchu. Juu ya hapo kuna kodi. Wamatumbi na majirani zao walichoka, ila waliiogopa bunduki.

Mwaka 1904 likatokea jambo ambalo wazee walilisimulia kwa miaka mingi. Asubuhi moja, mbele ya wake na watoto wake, Kinjekitile alivutwa na nguvu wasiyoiona, akaenda kwa tumbo huku mikono imenyooshwa mbele, akatumbukia kwenye bwawa la mto. Ndugu walijaribu kumshika miguu, wakashindwa. Waliojua kuogelea walizama kumtafuta, hawakuona kitu. Wakalala pale pale kando ya maji. Kesho yake, muda ule ule, akatoka mzima, na nguo zake kavu. Watu wakaamini amepagawa na Hongo, pepo wa majini, aliyetumwa na Bokero, mungu aliyeheshimiwa sana bonde la Rufiji.

Tangu hapo watu walianza kumiminika Ngarambe. Aliwaambia wahenga wao watarudi, na kwamba watu wa makabila yote ni wamoja. Aliwapa maji yaliyochanganywa na mbono na mtama. Wengine waliyataka kwa ajili ya mavuno na afya. Baadaye yakawa dawa ya vita: risasi ya Mjerumani ingegeuka maji. Habari ilipita kwa siri, kutoka kinywa hadi sikio, na wajumbe wake wakayapeleka maji mbali.

Hapa tumtendee haki. Makabila ambayo hayakuwahi kupigana upande mmoja alianza kuyaunganisha, na watu waliozoea kuinamisha kichwa aliwarudishia heshima. Hiyo kiu ya uhuru ilikuwa njema, na Mungu ndiye aliyeipanda mioyoni mwao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la Nostra Aetate la mwaka 1965, unatufundisha kwamba Kanisa halikatai chochote kilicho cha kweli na kitakatifu katika dini nyingine. Kwa hiyo hatuanzi kwa kumtukana Kinjekitile.

Ila maji yale yalibeba ahadi ambayo maji hayawezi kuitimiza. Mwishoni mwa Julai 1905, kule Nandete, Wamatumbi walichoka kusubiri ishara yake, wakang'oa pamba. Vita ikaanza. Tarehe 4 Agosti 1905 Wajerumani walimnyonga Kinjekitile huko Mohoro. Inasimuliwa kwamba alikufa bila kutetereka, akiamini dawa yake imeshafika Kilosa na Mahenge. Na kweli ilifika. Tarehe 30 Agosti maelfu waliishambulia boma ya Mahenge, wakiamini wamekingwa. Bunduki za rashasha ziliwafyeka.

Siku kumi baada ya kifo chake, tarehe 14 Agosti, mkesha wa Kupalizwa Bikira Maria, wapiganaji walimuua Askofu Kasiani Spiss karibu na Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Huyo alikuwa askofu wetu sisi, wa Dar es Salaam. Kwa waliomuua, msalaba wa mmisionari na bendera ya Mjerumani vilionekana kitu kimoja. Hilo nalo tulitafakari bila kujitetea haraka.

Wajerumani walilipiza kwa kuchoma mashamba na maghala. Serikali yao ilikadiria waliokufa kuwa 75,000. Wanahistoria wa baadaye wanataja 250,000 hadi 300,000, wengi wao kwa njaa. Songea, tarehe 27 Februari 1906, viongozi wa Wangoni zaidi ya 60 walinyongwa, na baadhi yao walipokea ubatizo kabla ya kwenda kitanzini. Maji mengine hayo. Hayakuahidi kuikata kamba. Yaliwaunganisha na Yule ambaye naye aliuawa juu ya mti na serikali ya kigeni.

Tofauti iko hapo. Uchawi na uganga wa namna ile hutafuta kukishika kitu kitakatifu na kukifanyisha kazi: fanya hivi, tamka hivi, usivunje mwiko, matokeo lazima yaje. Yasipokuja, kosa ni lako, umevunja sharti. Sala inamwomba Baba, na inamwachia Baba nafasi ya kuwa Baba.

Na tusidhani ugonjwa huu ni wa wapagani tu. Soma 1 Samweli sura ya 4. Waisraeli walishindwa na Wafilisti, wakaenda kulichukua Sanduku la Agano wakalibeba vitani kama hirizi. Sanduku lilikuwa takatifu kweli kweli. Wakapigwa tena vibaya zaidi, wakafa askari 30,000, na Sanduku likatekwa. Mungu hakubali kubebwa mfukoni.

Sasa tujiangalie. Hapa Mbezi Luis nguzo za umeme zina vibao vya waganga: pete ya bahati, kumrudisha mpenzi, kupata kazi. Wengine hatuendi huko, lakini rozari tunaivaa bila kuisali, na maji ya baraka tunanyunyizia chumba siku ya mtihani bila kufungua daftari. Tunazunguka kwenye mikesha kutafuta mafuta yenye nguvu zaidi. Mwaka 2020 kule Moshi watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakigombea kukanyaga mafuta ya upako. Majina yamebadilika, hofu ni ile ile, na kila penye hofu atatokea mtu wa kuiuza.

Kanisa linasemaje? Mitishamba halikatazi. Yoshua bin Sira sura ya 38 inasema wazi kwamba Bwana ndiye aliyeumba dawa kutoka ardhini, na kwamba daktari apewe heshima yake. Bibi akikuchemshia mwarobaini, kunywa. Lakini Katekisimu, namba 2117, inakataa uchawi wote, hata ule unaotafuta uponyaji, pamoja na kuvaa hirizi. Inaonya pia kwamba tiba za asili zisigeuzwe kisingizio cha kuziita nguvu za giza au kula pesa za watu kwa kutumia imani yao.

Basi ukiona rafiki yako anaelekea kwa mganga, usianze na hukumu. Muulize anaogopa nini. Msindikize hospitali kama anaumwa. Mpeleke kwa padre kama moyo wake hauna amani. Kaa naye. Huko Rufiji watu walikwenda Ngarambe kwa sababu palikuwa na mtu aliyeyasikia mateso yao. Wakitukuta sisi hatuna muda, watatafuta mwingine mwenye muda.

Agosti ikifika, naomba jumuiya zetu za vijana ziweke nia mbili: tarehe 4 tumwombee Kinjekitile na wote waliokufa wakiyaamini maji, na tarehe 14 tumkumbuke Askofu Spiss na wenzake. Wote tuwakabidhi kwa Mungu mmoja, ambaye rehema yake ni pana kuliko vita vyetu.

Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzako, mashahidi wa Uganda, mtuombee.