Sheikh Al-Amin na Mizani ya Mambo Mapya

Hapa Mkokoni, mkabala wa kisiwa cha Kiwayu, wavuvi wakirudi bahari hukaa kivulini, na mazungumzo siku hizi ni ya simu. Huyu ameletewa habari, yule picha, na mwingine sauti ya sheikh ambayo huenda sheikh mwenyewe hakuitamka, bali imetungwa na mashine. Wazee husema zitupwe baharini zote; vijana hucheka. Katika ubishi huo nilimkumbuka marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mola amrehemu.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1891, katika ukoo wa elimu. Baba yake alifariki yeye akiwa mtoto mdogo, akalelewa na kusomeshwa na Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui. Alisoma pia kwa Sayyid Ahmad bin Sumeyt wa Unguja. Tena alikuwa msomaji wa jarida la Al-Manar la Misri, akaona kuwa Waislamu wa huko nao wanajiuliza: haya mageni ya Wazungu tuyafanyeje?

Watu wa pwani zama hizo walikuwa na njia mbili. Wako waliokimbia kila kitu cha Mzungu, hata skuli wakawazuilia watoto wao. Wako na walioiga kila kitu, ulevi ukiwa ndani yake. Sheikh hakukaa na hawa wala na wale. Alitaka chenye manufaa kichukuliwe, chenye madhara kiachwe, na watu wajue sababu ya kuchukua na ya kuacha.

Wala hayo hakuyafungia darasani. Mwaka 1930 alitoa jarida dogo, Sahifa, na mwaka 1932 gazeti la Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Chombo kipya, gazeti, akakifanya ndicho cha kuwaelezea watu mambo mapya. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, hadi alipofariki mwaka 1947. Makala yake yalikusanywa katika kitabu, Uwongozi.

Ndugu msomaji, Kenya ina sheria ya kulinda habari za mtu binafsi tangu mwaka 2019. Je, pale kivulini ni wangapi waliopata kuelezwa? Sheria isiyofahamika ni taa iliyofunikwa. Simu haitatupwa baharini. Anayekosekana ni wa kukaa na watu, awapimie kwa lugha yao, kama alivyofanya Sheikh.