King Gillette, Mtu Aliyeufanya Wembe Kuwa Kitu cha Kutupa

Majuzi mjukuu wangu alitimiza siku saba duniani, nasi tukakusanyika nyumbani kwa mwanangu kwa akika yake na kumnyoa nywele za tumboni, kama dini yetu ilivyotufunza. Kabla kinyozi hajavua viatu mlangoni, ukazuka mjadala. Shangazi yangu, ambaye ndiye mkubwa wetu sote, alitaka mtoto anyolewe kwa wembe wa marehemu baba yangu, ule wa kukunja wenye mpini wa pembe, ulioninyoa mimi na ndugu zangu wote. Mama wa mtoto naye, kwa adabu lakini bila ya kulegea, alitaka wembe mpya utakaofunguliwa karatasi yake mbele ya macho yake. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe, lakini siku hiyo mtoto alikuwa amelala zake. Waliolilia wembe ni wakubwa. Wote wakanitazama mimi nihukumu.

Nitakueleza nilivyohukumu, msomaji mpenzi, lakini kwanza nipe ruhusa nikusimulie maisha ya mtu aliyeleta ugomvi huo nyumbani kwetu ilhali hakutujua wala sisi hatukumjua.

Mtu huyo ni King Camp Gillette. Hilo la King ni jina lake tu, kwani hakuwa mfalme wala mwana wa mfalme. Alizaliwa tarehe 5 Januari mwaka 1855 katika mji wa Fond du Lac, jimbo la Wisconsin, Marekani, na akakulia Chicago. Babake alikuwa mfanyabiashara wa vyombo vya chuma. Mwaka 1871 ukatokea ule moto mkubwa ulioteketeza sehemu kubwa ya mji wa Chicago, na mali ya mzee huyo ikaungua pamoja na za wenzake. King alikuwa na umri wa miaka 16. Ilimbidi aingie duniani kujitafutia, naye akawa mchuuzi wa kusafiri, mtu wa kubeba sanduku la sampuli na kugonga milango ya maduka mji hadi mji.

Kazi hiyo aliifanya kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1890 aliajiriwa na kampuni ya William Painter, ambaye ndiye aliyebuni kile kizibo cha bati cha chupa ya soda tunachokijua sote, na kupata hati yake mwaka 1892. Kizibo hicho kina siri moja: ukishaking'oa, hukirudishi. Painter alimshauri Gillette naye atafute kitu cha namna hiyo, kitu ambacho mtu akikitumia atakitupa, kisha arudi dukani kununua kingine. Maneno hayo yalimganda Gillette kichwani usiku na mchana.

Ajabu ni kwamba wakati huo huo moyo wake ulikuwa umeelekea kwingine kabisa. Mwaka 1894 alitoa kitabu alichokiita The Human Drift, na ndani yake akayalaani mashindano ya biashara kuwa ndiyo mzizi wa ufukara na dhuluma. Alipendekeza viwanda vyote viwe chini ya shirika moja la watu wote, na karibu Wamarekani wote wahamie katika jiji moja kubwa mno, litakalopata nguvu zake za umeme kutoka maporomoko ya maji ya Niagara. Basi mtu aliyeota kuifuta biashara ndiye huyo huyo aliyekuwa akiwaza la kuuza.

Asubuhi moja ya mwaka 1895, nyumbani kwake Brookline katika jimbo la Massachusetts, alishika wembe wake akakuta umekuwa butu kupita kiasi. Ili uelewe uzito wa jambo hili, yafaa nikueleze kazi ya wembe wa kukunja, maana vijana wengi wa leo hawajauona. Wembe huo ni kipande kinene cha chuma cha pua, mgongo mpana na makali membamba. Kila kabla ya kunyoa sharti uupitishe juu ya ukanda wa ngozi, mgongo ukitangulia, ili makali yanyooke. Na hata ukanda ukishindwa baada ya wiki au miezi, sharti uunoe kwa kinoo laini, kazi ambayo wengi hawaiwezi na huipeleka kwa fundi. Ukimaliza kunyoa uukaushe vizuri, la sivyo kutu itaula. Na katika kunyoa kwenyewe, mkono mmoja unavuta ngozi na mwingine unauinamisha wembe kidogo tu. Ukiulaza mno hautakata, ukiusimamisha mno utakutoa damu. Ndiyo maana watu wengi zamani hawakujinyoa, walikwenda kwa kinyozi.

Wembe wa Gillette asubuhi ile haukutosheka na ukanda, ulidai kinoo. Hapo ndipo wazo lilipomjia: kwa nini mtu abebe chuma kizima, ilhali kinachonyoa ni ukingo tu? Akafikiri juu ya kipande chembamba cha pua mfano wa karatasi, chenye makali pande mbili, kibanwe ndani ya kishikio, na kikiwa butu kitupwe.

Haki isemwe. Gillette hakuwa wa kwanza kubuni wembe wenye kinga. Mfaransa Jean-Jacques Perret alikwisha kutengeneza wembe wenye kinga ya mbao katika karne ya 18, na ndugu wa ukoo wa Kampfe walikuwa wakiuza wa kwao huko Marekani tangu miaka ya 1880. Lakini nyembe hizo bado zilihitaji kunolewa. Jipya la Gillette lilikuwa kule kutupa.

Kuwaza ni rahisi, kutenda ndiyo kazi. Mabingwa wa vyuma walimwambia haiwezekani kuifanya pua iwe nyembamba kiasi kile na bado iwe ngumu na ya bei nafuu. Alihangaika kwa miaka sita. Mwaka 1901 akapata mwenzi, mhandisi William Nickerson, na huyo ndiye aliyebuni mashine na njia ya kuiimarisha pua nyembamba bila ya kujikunja. Mwaka huo kampuni ikaundwa. Mwaka 1903, ulipoanza uuzaji, ziliuzwa mashine za kunyolea 51 na nyembe 168 tu. Mwaka uliofuata zikauzwa mashine zaidi ya 90,000, na mwezi Novemba 1904 akapewa hati ya ubunifu wake.

Wengi husimulia kwamba Gillette aligawa mashine bure ili apate faida katika nyembe. Hilo si kweli kwa miaka ile ya mwanzo. Mashine yake iliuzwa dola 5, fedha nyingi kwa mfanyakazi wa zama hizo. Iliposhuka bei sana ni baada ya hati yake kumalizika muda mwaka 1921, washindani walipoingia sokoni. Kilichoieneza zaidi kilikuwa vita. Marekani ilipoingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali iliagiza mashine milioni 3.5 na nyembe zaidi ya milioni 30 kwa ajili ya askari wake. Vijana hao waliporudi makwao walikuwa wamekwisha kuzoea kujinyoa wenyewe kila asubuhi.

Picha ya Gillette, na masharubu yake, ilichapwa juu ya karatasi za nyembe, ikafika nchi ambazo hakupata kuzikanyaga. Akatajirika. Lakini ndoto ya ujana haikumwacha. Mwaka 1910 alimwahidi Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, dola milioni moja akubali kuongoza shirika lake la dunia nzima. Roosevelt alikataa. Mwaka 1924 Gillette akatoa kitabu kingine juu ya mambo yale yale. Watu walinunua nyembe zake, mawazo yake wakayaacha. Kisha likaja anguko la masoko ya fedha la mwaka 1929, na sehemu kubwa ya utajiri wake ikapotea. Alifariki tarehe 9 Julai 1932 huko California, akiwa na umri wa miaka 77. Alitaka akumbukwe kwa mji wa haki usio na mnyonge, amekumbukwa kwa kipande cha bati. Mja hupanga lake, na Mola ana lake.

Sasa nirejee kwenye hukumu yangu. Je, wembe wa kale una thamani ya taabu yake? Nimeutumia wa baba kwa zaidi ya miaka 20, kila Ijumaa asubuhi, kuchonga ndevu pembeni na kupunguza masharubu. Ama kuhusu kunyoa ndevu zote, hilo nawaachia masheikh. Nikiunoa vizuri hunyoa kama wowote ule mpya, wala sitii takataka jaani. Lakini hunichukua nusu saa nzima, na hauvumilii haraka wala hasira. Kwa mtu mmoja, mwenye wakati na mkono mtulivu, autumiaye yeye peke yake, taabu hiyo ina malipo yake.

Kwa kichwa cha mwingine mambo ni mbali. Zamani wembe mmoja ulitoka kichwa hiki ukaingia hiki, na hatukujua. Leo twajua kwamba maradhi ya ini na virusi vya ukimwi vyaweza kupita katika tone la damu lisiloonekana kwa jicho. Wembe wa kutupa umeondoa khofu hiyo kwa bei ya peremende. Hata mahujaji wanaonyoa vichwa Mina hunufaika na wazo la mchuuzi yule wa Chicago.

Tumepoteza nini? Tumepoteza benchi la kinyozi. Nadhani ile methali ya mwenzako akinyolewa nawe zako tia maji haikuweza kuzaliwa ila mahali ambapo watu walikaa foleni, wakitazamana na kupeana habari. Anayejinyoa peke yake kiooni hana mwenzake wa kumtazama.

Basi nilimwambia shangazi kwamba baba alituwekea wembe ule kwa mapenzi, na mapenzi yake hayatapungua tukimlinda kitukuu chake. Mtoto alinyolewa kwa wembe mpya, nywele zikapimwa, na sadaka ya uzani wake wa fedha ikatolewa kwa masikini. Wembe wa baba uliwekwa juu ya sinia, kando ya udi na marashi, nao ukahudhuria. Shangazi alinuna kidogo, kisha akaomba aubebe mtoto. Mama yake akampa.