J. L. B. Smith na Samaki Aliyedhaniwa Kutoweka

Umekwisha kujifunza kwamba samaki hupumua kwa matamvua na huogelea kwa mapezi. Sasa utasoma habari za mtu aliyengoja miaka 14 ili aone matamvua ya samaki mmoja tu.

James Leonard Brierley Smith alizaliwa mwaka 1897 katika mji wa Graaff-Reinet, nchini Afrika ya Kusini. Tangu utotoni alipenda mno kuvua kwa ndoana. Hata hivyo, somo alilobobea lilikuwa kemia, na kemia ndiyo aliyoifundisha katika chuo cha Rhodes, mjini Grahamstown. Elimu ya samaki alijifunza mwenyewe katika saa zake za mapumziko. Aliwapima samaki, akahesabu magamba yao na miiba ya mapezi yao, kisha akaandika yote aliyoyaona. Afya yake haikuwa njema, kwani aliugua sana alipokuwa askari Afrika ya Mashariki wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Tarehe 22 Desemba 1938, meli ya uvuvi ilirudi katika bandari ya East London. Miongoni mwa samaki wake alikuwamo mmoja wa ajabu. Alikuwa wa rangi ya buluu, mwenye urefu wa mita moja na nusu hivi na uzito wa kilo 57. Mapezi yake yalikuwa na mashina manene ya nyama na mifupa, mfano wa miguu mifupi. Bibi Marjorie Courtenay-Latimer, mtunzaji wa jumba la makumbusho la mji huo, alitafuta katika vitabu vyake asimpate. Akachora picha yake, akampelekea Smith pamoja na barua.

Barua ilichelewa kwa sababu ya sikukuu. Smith aliipata tarehe 3 Januari 1939. Alipoitazama ile picha alishangaa mno. Samaki huyo alifanana na silikanti, ambao walijulikana kwa visukuku tu, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe. Wataalamu waliamini kwamba silikanti wote walikwisha kufa yapata miaka milioni 66 iliyopita. Upesi Smith alipeleka simu akiomba mifupa na matamvua yahifadhiwe. Lakini alikuwa amechelewa. Ilikuwa majira ya joto, nyama ilioza, na sehemu za ndani zilikwisha kutupwa. Ilibaki ngozi iliyojazwa na baadhi ya mifupa.

Mwezi wa Februari Smith alifika East London. Alipomwona samaki yule, shaka yote ilimwondoka. Akampa jina la kisayansi, Latimeria chalumnae, kwa heshima ya Bibi Latimer na ya mto Chalumna, ambao samaki huyo alivuliwa karibu na mlango wake.

Je, kazi ilikwisha? La. Bila sehemu za ndani, nani angeweza kueleza jinsi silikanti anavyopumua au anavyozaa? Ilimlazimu Smith ampate mwingine. Alifikiri kwamba samaki wa kwanza alikuwa amepotea njia, na kwamba makao yake yalikuwa kwenye miamba ya kaskazini zaidi. Alichapisha karatasi zenye picha ya silikanti kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno, akaahidi zawadi ya paundi 100. Yeye na mkewe Margaret, aliyekuwa mchoraji hodari wa samaki, walisafiri katika pwani za Msumbiji, Kenya na Unguja. Huko Unguja walionana na nahodha Eric Hunt, aliyezipeleka karatasi hizo Komoro.

Mwezi wa Desemba 1952, mvuvi Ahamadi Abdallah wa kisiwa cha Nzuani alivua samaki mkubwa. Wavuvi wa Komoro walimfahamu samaki huyo tangu zamani, wakamwita gombessa. Kabla hajakatwa vipande, mwalimu mmoja wa hapo alimtambua kwa picha ya ile karatasi. Samaki akapelekwa kwa Hunt, naye akamtia chumvi na dawa asioze. Smith aliomba serikali ya nchi yake impe ndege ya jeshi, akaruka hadi Komoro. Alipomwona silikanti, machozi yalimtoka.

Hata mtaalamu hukosea. Samaki yule wa pili hakuwa na pezi la kwanza la mgongoni, hivyo Smith alidhani ni wa aina nyingine, akampa jina jipya. Baadaye, walipopatikana wengine, ilionekana kuwa wote ni wa aina moja. Sayansi husahihishwa kwa kuchunguza tena na tena.

Smith alifariki mwaka 1968. Hakuwahi kumwona silikanti akiogelea katika makao yake. Mwaka 1987 wataalamu waliteremka kwa chombo cha chini ya maji karibu na Komoro, wakampiga picha. Mchana silikanti hukaa katika mapango ya miamba, mara nyingi kwenye kina kinachozidi mita 100. Mwanga wa jua huko ni hafifu mno, wala mimea haiwezi kustawi. Basi chakula hutoka wapi? Karibu na uso wa bahari, mimea midogo sana hutumia mwanga kujitengenezea chakula. Wanyama wadogo huila mimea hiyo, samaki na ngisi huwala wanyama hao, na usiku silikanti huwawinda samaki na ngisi. Hivyo hata akaaye gizani huishi kwa nguvu ya jua.

Tangu mwaka 2003, silikanti wamenaswa mara nyingi katika majarife huko Tanga, na mwaka 2009 ilianzishwa hifadhi ya bahari ya kuwalinda. Silikanti hukua polepole na huzaa watoto wachache. Wakivuliwa wengi hawatarudi upesi, nao wanaweza kutoweka kwa kweli. Basi, uonapo samaki usiyemjua, muulize mvuvi jina lake, umchore, uandike siku na mahali alipovuliwa. Silikanti alijulikana duniani kwa picha na barua.

Maswali

1. Kwa nini Smith hakutosheka na silikanti wa kwanza?
2. Ni kosa gani alilofanya Smith, na lilisahihishwaje?
3. Chora mlolongo wa chakula unaoanza na mimea midogo ya bahari na kuishia kwa silikanti.
4. Eleza kwa nini silikanti anahitaji kulindwa.